Bahati tu? Someni nota kwanza
Makala inasema Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra wa Marekani, alipata umaarufu kwa bahati tu, ukumbini Carnegie Hall, New York, 14 Novemba 1943. Haya. Bruno Walter, aliyepangiwa kuongoza, kashikwa na homa ya mafua, na Bernstein, kijana wa miaka 25, kiongozi msaidizi wa okestra ya New York Philharmonic, anapanda jukwaani alasiri bila mazoezi na okestra, redio ikirusha moja kwa moja. Kipande cha kwanza, "Manfred" ya mtunzi Schumann, ni mtego mtupu: pigo la kwanza ni kimya, wapigaji huingia nusu pigo baadaye. Mkono ukisitasita hapo, kila mtu anaingia kivyake. Msaidizi huzisoma nota zote za wiki hata kama fimbo ya kuongozea hataishika. Tena Fritz Reiner, mwalimu wake pale chuo cha muziki cha Curtis, alikuwa akimsimamisha mwanafunzi katikati ya kuongoza na kumuuliza klarineti ya pili inapiga nini.