Siku Niliyojifukuza Kazi kwa Kiingereza

Nilikuwa nimetimiza miezi saba katika ofisi ile nilipokabidhiwa kazi ambayo ilistahili kunichukua dakika tano: kuwaandikia wafanyakazi wote, kwa Kiingereza, kwamba siku ya Ijumaa saa kumi jioni mafundi wangezima umeme kwa muda wa saa mbili, na kwamba kila mtu ahifadhi kazi iliyomo kwenye kompyuta yake kabla ya hapo. Meneja wetu hakujua Kiswahili, nusu ya wenzangu walitoka nchi za mbali, na mimi ndiye niliyekuwa na sifa, ambayo niliieneza mwenyewe, ya kukimudu Kiingereza.

Kwa Kiswahili ujumbe huo ungekwisha kwa sentensi moja, kwa kuwa neno "taarifa" hubeba kila mzigo bila kulalamika: mkutano ni taarifa, msiba ni taarifa, na umeme kukatika ni taarifa. Katika kamusi ya Kiingereza nilikuta ghala zima la vitenzi vya kuarifu, kuonya na kutabiri, nikaona kwamba kutumia kimoja tu na kuviacha vingine vikae bure ni uchoyo. Nikajiwekea sharti kwamba barua ya mtu aliyesoma hairudii kitenzi.

Kichwa cha barua nikakiandika 'Giving Notice'. Nilijua kwamba 'notice' ni tangazo na 'give' ni kutoa, hivyo sikuona fumbo lolote katika kutoa tangazo. Nikafungua aya kwa 'I hereby give notice' na kuweka nukta, kwa sababu 'hereby' lilinivutia kwa namna linavyosikika kama muhuri unaogongwa mezani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mfanyakazi akiandika maneno hayo kwa Kiingereza na kuishia hapo, anamjulisha mwajiri wake kwamba anaacha kazi.

Sentensi ya pili ilitakiwa kuwatahadharisha wenzangu, nami nikaandika 'I warn you all', kisha nikaongeza kwamba Ijumaa saa kumi watakuwa gizani. (Saa yenyewe sikuikosea, niliigeuza ikawa 'four', na hilo ndilo jambo pekee katika barua nzima ambalo halikuhitaji maelezo baadaye.) Ninachokipenda katika kitenzi chetu "kuonya" ni kwamba kimezaliwa na "kuona": anayekuonya anakufanya uone, kana kwamba amekushika mkono akakuelekeza lilipo shimo. 'Warn' nalo hufanya kazi hiyo, lakini barua ikianza na mimi ninayeonya na ninyi mnaoonywa, halafu giza likafuata bila kutajwa mafundi wala nyaya, msomaji haangalii shimo tena, bali anaangalia mikono ya mwandishi kama imeshika rungu.

Baada ya hapo nilitaka kukadiria muda. 'Predict' nilikuwa nimelitumia katika ripoti ya mwezi uliopita, na 'forecast' nililiona kuwa mali ya watu wa hali ya hewa, kwa hiyo nikachukua 'foretell', nikatangaza kwamba giza hilo litadumu saa mbili. Ni neno la manabii na wapiga ramli. Mwisho kabisa nikaahidi kwamba kukitokea mabadiliko nitawaarifu, na kwa kuwa 'inform you' ilionekana uchi bila kihusishi, nikaivika 'on'. Silabi hiyo moja ndiyo inayotenganisha kumwarifu mtu na kumchongea kwa polisi.

Nilituma barua Jumatano adhuhuri na kwenda kunawa uso, nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Niliporudi, chumba kilikuwa kimya, na jirani yangu wa meza alikuwa akifunga mtoto wa meza yake kwa ufunguo ambao sikuwahi kujua kwamba anao.

Jibu la kwanza lilitoka idara ya rasilimali watu, iliyokubali kujiuzulu kwangu kwa masikitiko na kunitaka nirudishe kitambulisho. Idara hiyohiyo ilikuwa imekaa na ombi langu la likizo wiki sita bila hata kukohoa. Kisha mama mtu mzima wa uhasibu, ambaye humwita kila kijana mwanawe, alinisogelea na kuninong'oneza: "Mwanangu, hilo giza uliloliona, na mimi nimo?"

Alhamisi asubuhi niliitwa kwa meneja. Barua yangu ilikuwa imechapishwa na kulazwa mezani, ikiwa na mistari minne ya kalamu nyekundu, na ule uliokuwa chini ya 'inform on you' ulikuwa umepigwa mara mbili hadi karatasi ikatoboka. Aliniuliza, kwa upole ulionitia hofu zaidi ya ukali, kama ile ilikuwa barua ya kujiuzulu, tishio, au unabii. Nikamjibu kwamba ulikuwa umeme.

Aliyeniokoa, kwa kadiri nilivyookolewa, ni mtunza kumbukumbu, mtu asiyeweza kupitwa na neno bila kulitolea historia. Alieleza kwamba Robert FitzRoy, yule nahodha wa meli ya Beagle iliyomchukua Charles Darwin, alipoanza kutoa makadirio ya hali ya hewa katika magazeti ya Uingereza mwaka 1861, aliyaita 'forecast' na kukataa katakata yasiitwe unabii, kwa kuwa yalitokana na vipimo na hesabu. Kosa langu, kwa hoja yake, lilikuwa la miaka mia moja na zaidi, na wakubwa kuliko mimi walishahangaika nalo. Meneja alisikiliza, akashusha pumzi, akaniambia 'consider yourself cautioned'. Nilifahamu kwamba ananitakia usalama, nikamshukuru kwa moyo wote na kumwomba naye awe mwangalifu. Ni mtunza kumbukumbu aliyenieleza tukiwa koridoni kwamba nilikuwa nimepewa onyo rasmi.

Siku mbili hizo barua yangu ilisomwa kuliko maandishi yoyote yaliyowahi kutoka katika ofisi ile. Iliwekwa ukutani, ikachambuliwa neno kwa neno, na wawili walikaribia kugombana juu ya matumizi sahihi ya 'hereby'. Ijumaa ilipotimia saa kumi kamili, umeme ukazimika, na kutoka kila pembe kikasikika kilio cha watu ambao hawakuhifadhi chochote. Sauti kubwa kuliko zote ilitoka chumba cha meneja, aliyekuwa amefika mstari wa mwisho wa barua ndefu ya kutengua kujiuzulu kwangu.

Tulikaa gizani hadi mwanga uliporudi, na mama wa uhasibu akatazama saa yake ya mkononi, akanitazama mimi, akahamisha kiti chake karibu na changu.

"Mwanangu," akasema, "na hizi saa mbili kamili nazo ulioteshwa?"