Hesabuni sufuria, si majiko

Mama yangu mkubwa anakaa Majengo, hapa Goma, kwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Miaka michache iliyopita mradi mmoja ulimpa babula, yaani jiko la makaa, ya kisasa. Akasaini, akapigwa picha, akarudi nayo nyumbani. Leo anawekea vitunguu. Nilipomuuliza kulikoni, alicheka: "Mwanangu, hii ni babula ya watu wa chai."

Hakukosea. Bugali hausongwi kwa kubembeleza. Unakamata mwiko kwa mikono miwili na kuusukuma, na sufuria lazima itulie. Babula ile ni ndefu na nyembamba. Siku ya kwanza iliyumba, ikabidi binti yake aishikilie kwa kitambaa, uso juu ya moshi uleule waliokuja kumwondolea. Kesho yake wakairudia babula ya bati.

Sisemi moshi ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2. Na makala yetu, yaani makaa, yanadanganya: moshi wake ni mdogo kuliko wa kuni, lakini yana gesi isiyo na harufu. Usiku wa mvua watu wanaingiza babula chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Wengine hawaamki.

Ninachokataa ni hesabu ya wafadhili. Mwaka 2010 Hillary Clinton, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alizindua muungano wa majiko safi. Lengo lilikuwa nyumba milioni 100 kufikia 2020. Namba tamu kwa ripoti. Lakini Malawi, watafiti waligawa majiko ya kisasa na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000, na homa ya mapafu haikupungua. India nako serikali iligawa mitungi ya gesi kwa mamilioni kuanzia 2016. Mtungi ulipoisha, wengi walirudi kwenye kuni, maana kuujaza ni pesa.

Mei 2024, mjini Paris, serikali na makampuni yaliahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika. Mimi ningependa sehemu ya pesa hizo ishushe bei ya umeme. Maji ya mto Rutshuru yanazalisha umeme pale Matebe tangu 2015, na baadhi yetu tunao nyumbani. Jirani yangu ana resho, yaani jiko dogo la umeme. Anachemshia chai tu! Maharagi anayapeleka nje kwenye makala, kwa sababu saa tatu za maharagi zinamaliza umeme aliokusudia kuwashia taa.

Mama mkubwa bado anasubiri wale wa mradi. Picha yake wanayo, na namba ya simu aliwaachia.