Umeme wa mwili upo, ila bangili haziugusi

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu bangili za sumaku zinazouzwa Kariakoo kwa madai ya kusafisha damu imefanya vyema kuwatahadharisha wananchi, lakini imeteleza iliposema kwamba mwili wa binadamu hauna umeme wala sumaku. Umeme upo: ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu, potasiamu na kalisi zinapopita kwenye utando wa seli za moyo huzalisha mkondo, na ni huo ambao Willem Einthoven wa Uholanzi alibuni namna ya kuuchora kwa usahihi, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. (Mgonjwa anayebandikwa waya kifuani hapitishiwi umeme, kama alivyohofia mama yangu mkubwa, mashine inasikiliza tu.) Mkondo huohuo huzaa uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, ambao ulipimwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1963, nao ni dhaifu takriban mara milioni moja kuliko ule wa dunia. Kuhusu bangili, chuma cha damu kimefungwa ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, wala hakivutwi na sumaku kama msumari unavyovutwa.