Manahodha wengi kwenye orodha ya barua pepe

Kila ikiguswa ishu ya kuongeza maadmini kwenye orodha ya barua pepe ya jumuiya, ile ambayo ukituma barua kwenye anwani moja inawafikia wanachama wote, lazima atokee mtu aseme manahodha wengi chombo huenda mrama, na mjadala unafia hapo. Mimi na methali yenyewe hatugombani. Ila hata jahazini nahodha analala, na akilala usukani anaushika mwingine.

Wanaotaka admini mmoja wana hoja, tusiwaonee. Wanachama wanajua wa kumuuliza, sheria haibadiliki kulingana na nani kaamka vipi, na zile anwani za watu zinabaki mikononi mwa mtu mmoja maana kila unayemwongezea ufunguo ni mlango mwingine wa kuvujisha. Halafu Mailman, programu ya kuendesha orodha kama hizi, ile ya zamani, namba 2, ndiyo iliyowapa nguvu zaidi, kwa sababu maadmini wote wa orodha wanatumia paswedi moja tu ya pamoja, kwa hiyo mpangilio ukibadilika usiku kila mtu asubuhi anasema si mimi. Hiyo kero ni ya kweli. Lakini ni kero ya programu, sio ya kushirikiana. Mailman 3 imetoka tangu 2015 na kila mtu ana akaunti yake, mwenye orodha ana cheo chake, msimamizi wa ujumbe cha kwake.

Sasa kinachoniuma mimi ni foleni. Orodha nyingi zinazuia ujumbe wa mgeni mpaka admini aupitishe, sawa, tunakwepa spamu. Mwanachama mpya kakaa siku mbili anatunga swali lake, kafuta, kaandika tena, katuma. Admini yuko safarini, au anaumwa, au kachoka tu jamani, naye ni mtu. Ujumbe unakaa wiki nzima. Yule aliyetuma hajui kama amekataliwa au amesahauliwa, na ukiwa mgeni hivyo viwili vinauma sawasawa, hatauliza, atajiondoa kimyakimya au atabaki msomaji tu maisha yake yote. Na sisi wengine hatutajua, kwa sababu ujumbe ambao haukupita hakuna anayeuona isipokuwa huyo huyo admini ambaye hayupo! Ndo maana ukiuliza kwenye orodha kama mambo yanaenda sawa utajibiwa yanaenda sawa, wanaojibu ni wale ambao barua zao zinapita.

Na si foleni peke yake. Aprili 2014 Yahoo walikaza sera yao ya DMARC, ule utaratibu wa kuzuia watu kutuma barua kwa anwani isiyo yao, wakaziambia seva nyingine zikatae barua yenye anwani ya Yahoo isiyothibitika kuwa imetoka kwao. Orodha inapopokea barua inaongeza jina lake kwenye kichwa cha habari, inaweka maneno yake chini, ile sahihi ya kidijitali iliyowekwa na Yahoo kuthibitisha barua inavunjika. Mtu wa Yahoo akiandika, barua inagonga mwamba Gmail, Mailman inahesabu kosa kwa mwenye Gmail ambaye wala hakufanya kitu, makosa yakifika idadi iliyowekwa anasimamishwa kama vile anwani yake imekufa. Kitu kama hicho kinataka jicho la kila siku, mtu aone mbona majina mengi yamesimamishwa mara moja. Admini mmoja aliyezidiwa anazifuta zile taarifa bila kusoma, na simlaumu, zinakuja nyingi.

Ubaya wa kugawana naujua pia, tena mbaya zaidi ya admini mmoja mchovu ni maadmini watatu wasio na zamu. Kila mmoja akiona taarifa ya foleni anadhani mwenzake keshaifungua. Kuongeza majina matatu kwenye mipangilio sio kugawana kazi, ni kugawana cheo. Kugawana ni kusema wiki hii foleni ni ya fulani, anwani mbovu za fulani, malipo ya domeni yanajulikana na watu wawili angalau, maana domeni ikiisha muda na ile barua ya kukumbusha ilienda kwenye inboksi ya mtu mmoja aliyeacha kuifungua, hata huo mjadala wa nani awe admini hamtakuwa na pa kuufanyia.

Na huyu admini wa zamani hakuna haja ya kumpokonya kitu. Wengi wanakataa msaada kwa sababu ombi linakuja na sura ya mapinduzi. Abaki mwenye orodha, wengine waanze na foleni tu, wakielewana ndo wapewe na mengine. Barua inayotumwa kwa anwani ya orodha yenye -owner inawafikia maadmini wote kwa pamoja, kwa hiyo anayejibu awawekee wenzake nakala, wajue ya huyo imeshaisha.