Mayai mawili yanamtosha anayeanza kufuga mjusi chui

Jumamosi moja ya Februari niliinua kifuniko cha kopo lililojaa makumbi ya nazi yaliyosagwa, lile ninalomwekea Pili, mjusi chui wangu, apate sehemu yenye unyevu. Nilitaka kunyunyizia maji tu. Kumbe chini kabisa, yamefukiwa vizuri, kulikuwa na mayai mawili meupe, marefu kiasi, ukubwa wa tende nono. Nililigusa moja kwa ncha ya kidole likabonyea kidogo kisha likarudi, kama ngozi.

Pili nilimnunua mwezi mmoja kabla, peke yake, kwa mtu aliyetangaza kwamba anapunguza mijusi wake. Hakunieleza kwamba jike huyo alikuwa akiishi na dume. Na mimi sikujua kwamba mjusi chui jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, akaendelea kutaga mayai yenye uhai miezi kadhaa baada ya kutenganishwa naye. Basi nikawa mfugaji wa kuzalisha bila kukusudia, katika nyumba ya vyumba viwili hapa Dortmund, Ujerumani.

Hadi mwisho wa Mei Pili alikuwa ametaga mara tano, mawili mawili. Mayai kumi. Nikayaatamisha yote, kwanza kwa sababu sikuwa na moyo wa kuyatupa, pili kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia weka yote, mengine yatakufa yenyewe. Leo, baada ya msimu mzima, nasema kinyume chake. Anayeanza aatamishe mtago mmoja tu, mayai mawili, na mengine yote yaingie friza siku ileile yalipotagwa. Najua kauli hii inawaudhi watu. Nimeshaambiwa nina roho ngumu. Lakini niliyoyaona niliyaona.

Mimi ni mtu wa Tanga, na mayai ya mjusi si kitu kigeni kwangu. Nyumbani ukiondoa picha ukutani unakuta nyuma yake mayai mawili ya mjusi kafiri, madogo, ya duara, magumu kama shanga. Yanakaa pale kwenye ukuta mkavu, hayaangaliwi na mtu, na watoto wanatoka. Mjusi chui ni jamaa yake wa mbali, lakini mambo yake mengi ni tofauti. Kwao ni Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India, kwenye nchi kavu yenye mawe. Ana kope, anafumba macho akilala. Vidole vyake havinati, kwa hiyo ukuta haupandi. Na yai lake lina ganda laini linalonywa maji kutoka kwenye udongo na kuvimba kadiri mtoto anavyokua. Likikaa pakavu linanywea. Likiloweshwa linaota ukungu.

Hayo sikuyajua. Nilichokijua ni kuku wa bibi. Bibi alinifundisha kwamba kuku mwenyewe huyageuza mayai yake, na watu wenye mashine za kutotoleshea nao huyageuza, mara kadhaa kwa siku, la sivyo kifaranga hugandia upande mmoja. Kwa hiyo mashine ilipofika Jumanne nikayaweka mayai ya Pili humo, na kila asubuhi na jioni nikawa nayageuza kwa upole sana, huku nimenawa mikono. Wiki ya tatu yaligeuka manjano, yakabonyea, yakatoa harufu.

Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi. Uangalifu wangu ndio ulioyaua. Ndani ya yai la mjusi, katika saa za mwanzo baada ya kutagwa, kiinitete hupanda juu na kushikamana na ganda kwa ndani, na hapo ndipo kinapojijenga. Ukiligeuza unakiweka chini ya kiini chake mwenyewe, unakitenga au unakizamisha. Kwa hiyo yai la mjusi chui linachukuliwa jinsi lilivyolala, linawekwa alama ya penseli upande wa juu, na alama hiyo inabaki juu hadi siku ya mwisho. Mtago wa pili niliuchukua kwa kijiko, pamoja na makumbi yaliyokuwa chini yake. Nikayalaza kwenye vemikulaiti, yaani chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu, iliyochanganywa na maji uzito kwa uzito, gramu mia kwa gramu mia, nikafunga kifuniko chenye matundu machache. Baada ya siku kumi nikazima taa ya chumba, nikayamulika kwa tochi ndogo bila kuyainua. Ndani kulikuwa kwekundu, na mishipa myembamba kama nyuzi imejitandaza kutoka kwenye doa moja. Nilikaa pale gizani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Joto nalo lina habari yake. Mjusi chui hana kromosomu za kuamua dume au jike. Kinachoamua ni joto la yai katika wiki za mwanzo. Kwenye nyuzi 26 hivi hutoka karibu majike watupu. Kwenye 32 na nusu wengi wao ni madume. Ukipandisha hadi 34 na zaidi wanarudi kuwa majike. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walioichunguza mijusi hii kwa miaka mingi walionyesha pia kwamba hata tabia hubadilika: majike waliotoka kwenye joto la madume ni wakali kuliko wenzao wa joto la chini. Kwa mtu anayeanza, ushauri wangu ni kubaki chini, kati ya 26 na 28, hata kama watoto watachelewa. Madume wawili hawakai boksi moja, watapigana mpaka mmoja afe. Ukipata madume sita umepata maboksi sita ya maisha, na mjusi huyu akitunzwa vizuri anaweza kupita miaka 15. Muhimu zaidi ya namba yenyewe ni kwamba isiyumbe. Tenga pesa ya themostati nzuri, kile kifaa kinachodhibiti joto, na kipimajoto kimoja cha pembeni, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye mashine huwa si ya kuaminika. Yangu ilidanganya kwa nyuzi mbili nzima.

Siku ya 54 mayai ya mtago wa pili yalianza kutoa matone juu ya ganda, kama mtu anayetokwa na jasho, kisha yakalegea. Jioni kukatokea mpasuko mdogo, na ncha ya pua ikachungulia. Ikakaa hapo. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Nilikuwa na kibanio mkononi, nashawishika kupanua ule mpasuko kidogo tu. Nashukuru nilikiweka mezani na kuondoka. Mtoto akiwa pale mlangoni bado anavuta mabaki ya kiini yaingie tumboni. Ukimtoa kwa nguvu unamtoa na jeraha la kitovu. Alfajiri nilimkuta nje, amesimama juu ya ganda lake, urefu wa kidole changu cha kati, gramu tatu kasoro. Mwili wake ulikuwa na mikanda mipana myeusi na ya manjano, bila doa hata moja, maana madoa yanayompa jina huja baadaye. Nilipoinamisha uso alijiinua kwa miguu yote minne, akapinda mkia, akafungua kinywa na kunipigia kelele. Kiumbe cha gramu tatu, tena cha usiku mmoja.

Nikampigia mama kwa video nimwonyeshe. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mjusi ni wa kufukuzwa, si wa kulishwa." Anasema alivyofundishwa, na mimi pia nilisoma madrasa na kusikia habari ya mjusi aliyepuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim. Sikubishana naye. Nilimwambia tu, mama, huyu ametoka kwenye yai nililolikalia mimi siku 54.

Siku za kwanza mtoto hali, na hapo wageni wengi huogopa. Anajivua ngozi yake ya kwanza, anaila, na bado anaishi kwa kiini alichokivuta tumboni. Nilisubiri hadi siku ya tano ndipo nikamtupia nyenje mdogo, asiyezidi upana ulio kati ya macho yake, aliyepakwa unga wa kalsiamu. Alimkodolea, akatikisa ncha ya mkia, akamrukia. Chini nilitandika karatasi za jikoni, kamwe si mchanga, kwa sababu mtoto hulenga vibaya na mchanga anaoumeza polepole unaziba utumbo. Kuna kijibakuli cha maji kisichozidi kina cha kifuniko cha chupa, upande mmoja una joto na mwingine umepoa, na kuna kona yenye unyevu ili ngozi isigandie vidoleni. Vidole vikibanwa na ngozi kavu hukauka na kukatika.

Hayo yote kwa mtoto mmoja ni furaha. Walipokuwa saba ikawa kitu kingine. Maana kati ya yale kumi, mawili niliyaua kwa kuyageuza, moja halikuwa na kitu, na saba yaliyobaki yote yaliangua. Waliosema mengine yatakufa yenyewe hawakunieleza nifanye nini yasipokufa. Ilitakiwa maboksi saba, na ninayo meza moja. Nyenje walikuwa wakitoroka na kulia nyuma ya kabati usiku kucha. Nilikuwa narudi kazini saa tatu usiku naanza kulisha, kupima uzito, kusafisha, na ilipofika wiki ya sita nikafanya kosa ambalo bado linaniuma: niliwaweka wawili pamoja, siku mbili tu, nipate nafasi. Asubuhi ya pili mmoja hakuwa na mkia. Mkia huota tena, lakini huwa mfupi, umevimba, hauna zile pete. Na kwa mjusi chui mkia ndio ghala la mafuta. Alichukua miezi miwili kurudisha uzito aliokuwa nao.

Huku nyuma Pili mwenyewe alikuwa anaisha. Januari alikuwa na gramu 61. Mwanzoni mwa Juni mzani wa jikoni ulisema 46, na mkia ule mnono ulikuwa umekonda kama penseli. Kila mtago unachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake, na jike anayetaga bila kujengwa upya anaweza kulegea miguu na taya, au mayai yakakwama tumboni. Siwezi kusema friza ingempunguzia mitago, angetaga tu. Lakini ningekuwa na watoto wawili badala ya saba, ningemwona mapema. Nilikuwa nimezama kwa watoto, mama yao akawa ananisubiri.

Wapo wanaosema kila yai ni uhai, na kuligandisha ni kuua. Nawaheshimu, na sitaki kujifanya ni jambo jepesi. Ila naona uzito wa yai la saa chache si sawa na uzito wa mtoto mwenye macho, anayenipigia kelele, aliyekosa nafasi na mtu wa kumwangalia. Wapo pia wanaosema tunasaidia viumbe visipotee. Kwa mjusi chui hilo si kweli. Niliwahi kwenda maonyesho makubwa ya mijusi na nyoka ya Hamm, si mbali na hapa, na meza baada ya meza zilikuwa zimejaa mijusi chui katika vikopo vya plastiki. Hakuna anayesubiri mayai yetu. Mjusi anayehitaji kusaidiwa ni yule wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi huko na kwenye vipande vichache vya msitu vya jirani tu, na ambaye mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iliwekewa marufuku kali kabisa. Naye kilichomponza ni watu kumkamata porini na kukata mikadi anayokaa, ili sisi huku tumweke kwenye kioo.

Na kuna swali la baba. Baba wa mayai yangu sikumjua. Katika mijusi chui zipo rangi zilizozalishwa kwa urembo zinazobeba maradhi: aina iitwayo Enigma huzunguka na kupinda shingo kwa hitilafu ya neva, na wengi wa aina ya Lemon Frost huota uvimbe wa saratani ngozini, jambo ambalo utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilihusisha na jeni iitwayo SPINT1. Kuzalisha bila kujua ukoo ni kumpa mtu mtoto ambaye huwezi kumwahidi chochote juu yake. Wawili nilibaki nao. Watano niliwatoa mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi ya uzito wake na tarehe aliyoanguliwa, na kila aliyemchukua nilimweleza wazi kwamba baba hajulikani. Wa mwisho, yule wa mkia mfupi, alipata nyumba Desemba.

Februari hii Pili amechimba tena. Nilisikia makumbi yakikwaruzwa usiku, na asubuhi nikayakuta mawili, pale pale kwenye kona yake. Sikuyamulika. Niliyaweka kwenye kopo dogo, nikaandika tarehe, nikayaingiza friza nyuma ya mifuko ya samaki. Kisha nikampima Pili, gramu 58, nikampa nyenje watatu wenye kalsiamu, na akawala wote.