Kadi ya salamu na "asubuhi njema" ya maua

Kuna mwandishi anasema magrupu ya WhatsApp yametuleta karibu kuliko enzi za kadi za salamu redioni. Hapo namkatalia. Nilianza kutuma salamu kabla redio ya taifa, Sauti ya Kenya, haijageuka KBC mwaka 1989. Kadi ulinunua dukani, ukajaza majina kwa kalamu, ukaipeleka posta, kisha ukangoja wiki mbili tatu sikio likiwa redioni. Jina lako likisomwa, mtaa mzima unakuja kukwambia, hata kama wewe ulikosa kusikia kwa sababu betri zilikuwa zimeanikwa juani zipate nguvu kidogo (mliozaliwa juzi mtacheka). Na kadi ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo mtu ulimfikiria kwanza ndipo ukamwandika. Leo kwenye grupu la ukoo napokea "asubuhi njema" yenye maua, na aliyeituma hata hajui kama nimo.

Ila kwa habari za misiba, simu imeshinda kwa mbali. Mama yetu mdogo alipofariki 1994, tangazo lilisomwa jioni ya siku ya mazishi. Mimi nilikuwa Mombasa. Nilifika udongo umeshakauka.