Miaka Sita ya Kuogelea Daftarini

Jumamosi iliyopita nilitoa shilingi 15,000 kwa hiari yangu kuingia semina ya malengo, nikakaa kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi mmoja hapa Tanga mjini, na kwa muda wa saa tatu nikaelezwa kwamba sina maendeleo kwa sababu sijaandika malengo yangu. Kila mshiriki alipewa chupa ya maji na daftari jembamba lenye picha ya mlima wa theluji jaladani, mlima ambao hata si Kilimanjaro. Hayo niliyameza. Kilichonikwama kooni ni hadithi ya mwaka 1953.

Mtoa mada alisimulia kwamba mwaka huo wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani waliulizwa nani kati yao ameandika malengo yake ya maisha, wakapatikana asilimia 3 tu, na baada ya miaka 20 hao asilimia 3 wakakutwa na mali nyingi kuliko asilimia 97 waliobaki wakijumlishwa pamoja. Ukumbi mzima uliguna. Jirani yangu aliziandika tarakimu hizo na kuzipigia mstari. Kasoro yake ni ndogo tu: utafiti huo haukufanyika. Waliokwenda kuutafuta hawakuukuta, na Yale wenyewe wameshasema kwamba wahitimu wao wa mwaka ule hawakufanyiwa jambo la namna hiyo. Zile siku 21 nazo, ambazo mtoa mada alidai zinatosha kujenga tabia na kuzitaja mara nne kwa hesabu yangu, asili yake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua si chini ya siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, makadirio yalianzia siku 18 na kufika 254, na mtu wa katikati alihitaji 66. Huyo wa 254 semina haina kiti chake.

Ningeweza kunyamaza, lakini katika jambo hili mimi ni shahidi. Nimezaliwa Makorora, nina umri wa miaka 41, nafundisha hesabu, na hadi juzijuzi sikujua kuogelea. Mtu wa Tanga asiyejua kuogelea hana pa kuificha aibu yake, hasa pale wanafunzi wake wa kidato cha pili wanapopiga mbizi mbele ya macho yake naye amesimama maji ya magotini, suruali imekunjwa, akijifanya anakagua nidhamu. Kwa hiyo kila Januari niliandika: kujifunza kuogelea. Niliandika miaka sita mfululizo. Mwaka wa nne, baada ya semina nyingine (ndiyo, hii ni ya pili, na mke wangu hunikumbusha), niliandika kwa wino mwekundu na kuongeza maneno “ifikapo Juni”. Juni ikafika, tena kwa wakati wake.

Aliyenitoa daftarini ni mzee mmoja mvuvi ambaye huwa ananiuzia samaki. Siku hiyo nilimwamkia kama kawaida, akaitikia marahaba, akanifungia changu wangu kwenye mfuko, kisha akasema, “Mwalimu, mwaka wa ngapi huu nakusikia unataka kuogelea? Unakuja lini?”

“Nikipata nafasi, babu.”

“Nafasi haiji na maji. Keshokutwa bamvua, maji yanajaa saa kumi. Ukishasali alasiri, shuka. Mimi nitakuwepo pale kwenye mtumbwi nashona nyavu.”

Nilishuka siku hiyo ya bamvua, maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida kwa kuufuata mwezi. Sikushuka kwa sababu nilikuwa nimepata ari. Nilishuka kwa sababu kulikuwa na saa, na kulikuwa na mzee wa watu ambaye angekaa pale ananitazamia. Alinifunga kifuani dumu tupu la lita 5 kwa kamba ya nailoni, akanishika kidevu kwa vidole viwili ili uso usizame, na kila nilipoanza kutapatapa aliniambia neno moja tu: “Legea.” Siku ya pili maji yalichelewa kwa kiasi cha dakika 50, nami nikachelewa nayo. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, yalipoingia tukapumzika, na bamvua iliyofuata tukaendelea. Ratiba yangu ikawa mwezi wa angani, kwa kuwa hakuna anayeweza kuiambia bahari imsubiri hadi amalize kusahihisha madaftari. Ulipofika mwezi wa tatu wa kujifunza, lile dumu nililirudisha.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba alichonipa yule mzee kina jina la kitaalamu. Mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha katika andiko lake la mwaka 1999 kwamba mtu anayeifunga nia yake kwenye tukio, kwa kusema jambo fulani likitokea, mahali fulani, nitafanya kitu fulani, hutimiza kuliko anayebaki na nia peke yake. Maji yakijaa baada ya alasiri, nipo ufukweni. Huo ndio mpango wote, na haukuhitaji picha ya mlima.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kuandika kuna faida yake, na kwamba mwanasaikolojia Edwin Locke amekuwa akieleza tangu mwaka 1968 jinsi lengo mahsusi na gumu linavyomsukuma mtu kuliko kuambiwa tu ajitahidi. Sawa. Lakini lile la “ifikapo Juni” lilikuwa mahsusi, na kwangu mimi lilikuwa gumu vya kutosha.

Jambo lililonifanya niandike makala haya kwa hasira, hata hivyo, lilitokea mwishoni mwa semina. Mama mmoja anayepika chakula cha mchana huko Ngamiani alisimama akasema kwamba kila akipanga kuongeza biashara, fedha zinaishia kwenye ada na dawa. Mtoa mada akatabasamu na kumjibu kwamba hivyo ni visingizio, na kwamba mama hana nidhamu ya malengo. Watu wakapiga makofi. Nilimkuta nje akisubiri bajaji, nikampa pole, tukazungumza. Yumo kwenye mchezo, yaani upatu, wa wanawake 20, kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kila siku, na kwa miaka mitatu hajakosa hata siku moja, pamoja na siku aliyomzika mama yake, ambapo alimtuma mwanawe apeleke. Miaka mitatu! Mtu huyo ndiye aliyefundishwa nidhamu na kijana ambaye semina yake yenyewe ilichelewa kuanza kwa dakika 70. Kikapu cha mchezo kina siku yake, kina kiasi chake, na wapo wenzake 19 wanaoliangalia lango lake jioni. Hakuna hata mmoja wao aliyesoma Yale.

Awamu ya pili ya semina imetangazwa kuwa Jumamosi ya wiki ijayo, kuanzia saa tisa alasiri, na walioshiriki ya kwanza tutapunguziwa kiingilio. Nimeuangalia mwezi. Siku hiyo ni bamvua.